Heshima Inayowalemaza Wazee



Kijana mmoja wa Dongobesh ametuletea barua iliyotushughulisha mwezi mzima. Asema kwamba baba yake ametimiza miaka 68, na kwamba yeye na ndugu zake wamekwisha kukubaliana kumstarehesha mzazi wao. Ng'ombe wake wamekabidhiwa vijana wawachunge, shamba lake limekodishwa kwa jirani, na sasa wanachanga fedha wamnunulie viti viwili vyenye mito: kimoja cha barazani, na cha pili cha kuwekwa msikitini ili asalie juu yake. Swali lake ni dogo mno. Ataka kujua kama kiti hicho cha msikitini chafaa kuwekwa katikati ya safu ya mbele, au kiwekwe pembeni.

Swali la safu twalijibu upesi: kiwekwe mwisho wa safu, upande wa kulia au wa kushoto, mahali ambapo hakitamzuia aliye nyuma kusujudu. Lakini tumeisoma barua ile mara tatu tukitafuta jambo moja ambalo hatukuliona. Hapana mahali palipoandikwa ya kuwa mzee huyo aumwa na magoti, au ameanguka, au tabibu amemkataza kusujudu, au yeye mwenyewe ameomba kiti. Watoto ndio waliomwona kuwa mzee, wakamwandalia uzee.

Twamwona kijana huyu kuwa ni mwana mwema, wala hatuandiki haya kwa kumlaumu. Angalikuwa mwana mbaya tusingalipata taabu ya kumjibu. Shida ni kwamba na sisi tulipata kuwa wana wema wa namna hiyo hiyo, na yafaa tueleze yaliyotupata.

Mama yetu alikuwa akikaa kijijini, chini ya mlima Hanang, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, lakini kwa kuhesabu matukio alikuwa amepita miaka 70. Alikuwa akiamka kabla ya adhana, akisali, akiwafungulia mbuzi, akichota maji kwa ndoo ndogo, na wakati wa kilimo akishika jembe pamoja na wajukuu. Mgongo ulikuwa ukimuuma. Usiku hujikanda kwa mafuta, asubuhi huondoka tena. Mwaka 2019 sisi tuliona haya mbele ya watu. Tulijisemea: watasemaje majirani, kwamba mwalimu wa madrasa yuko Katesh katika nyumba ya bati, na mama yake achota maji? Basi tukaenda kumchukua.

Alipofika kwetu hakuachiwa kugusa kitu. Akishika ufagio, hupokonywa kwa adabu. Akiinuka kwenda jikoni, mjukuu humwambia, "Bibi, kaa, nitakuletea." Maji ya udhu aliletewa alipo, chakula aliletewa alipo, na kochi la sebuleni likawa lake, hapana mwingine aliyelikalia. Siku moja alituuliza, "Mwanangu, mkininyang'anya jembe mtanipa nini badala yake?" Tulicheka, tukamjibu kwamba tutampa raha. Naye akanyamaza, maana alikuwa mtu wa adabu, na nyumba ilikuwa yetu.

Mwaka wa kwanza alinenepa kidogo, tukafurahi na kumshukuru Mungu. Mwaka wa pili akawa hawezi kuinuka katika kochi bila kujisukuma kwa mikono miwili. Ramadhani ya mwaka wa tatu alianza kusali juu ya kiti, na hatukuuliza kwa nini. Tuliona ni uzee umekuja, na uzee huja kwa kila mtu aliyeandikiwa kuishi. Baada ya hapo ikawa hawezi kwenda chooni usiku pasipo mtu wa kumshika mkono. Mtu aliyekuwa akipanda na kushuka mteremko na ndoo kichwani alikuwa sasa ahesabu hatua kutoka kochini hadi mlangoni.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka hadi Katesh na vijiji vya karibu, Gendabi kikiwamo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Nyumba yetu haikufikiwa, lakini asubuhi ile hapana aliyejua tope litasimama wapi, na mtaa wetu wote ulitoka kukimbilia mahali pa juu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyempita mama yetu kwa umri, ambaye watoto wake wako mbali na hivyo hana wa kumkataza kufuga mbuzi, alitoka kwa miguu yake akiwa amemshika mjukuu mkono, na mbuzi wawili wakimfuata. Mama yetu sisi tulimbeba mgongoni. Twasema "sisi", maana ndivyo tuandikavyo katika ukurasa huu, lakini mgongo ulikuwa mmoja. Njia nzima hakusema neno. Tulipomtua ndipo alipotuomba radhi kwa kutuchosha.

Alifariki mwaka uliofuata, kitandani, kwa homa ya mapafu. Hatusemi kwamba kochi ndilo lililomwua, kwani ajali ya mtu i mikononi mwa Mola wake. Twasema tu kwamba yeye ndiye aliyeomba radhi, hali kosa lilikuwa letu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza. Elimu yetu ni ya chuo cha Qur'ani na ya shule ya msingi, kwa hiyo tulimwendea kijana wetu mmoja aliye tabibu, naye akatusomea na kutufasiria yaliyoandikwa na wataalamu. Neno lake la kwanza lilitushtua. Alisema kwamba nusu ya tunayoyaita uzee si uzee, ni kukaa.

Uzee wenyewe hauna dawa. Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaruhusu watafute dawa, akautoa uzee peke yake katika maradhi yenye dawa. Na katika Suratur Rum tumeelezwa jinsi mwanadamu aumbwavyo katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarudishwa katika udhaifu na mvi. Hayo hayana mjadala. Lakini udhaifu ulioandikwa huja taratibu, na udhaifu wa kukaa huja mbio. Mwaka 2007 waganga wa Marekani walichapisha habari za wazee 12 wazima, wasio na ugonjwa, waliokubali kulala kitandani muda wa siku 10 mfululizo. Siku 10 tu. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepungua nyama kiasi cha kilo moja. Hiyo ndiyo nyama imwinuayo mtu kutoka chini, impandishayo ngazi, na imzuiayo asianguke anapojikwaa gizani. Fikirini basi mama aliyekalishwa kwa miaka minne.

Habari ya pili ni ya mwaka 1990, nayo yatia moyo. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Boston, walichaguliwa wazee 10 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90, dhaifu kabisa, wakafundishwa kunyanyua uzito kwa miguu muda wa majuma 8, kidogo kidogo na huku wakiangaliwa. Nguvu za mapaja yao zilizidi hata zikakaribia mara tatu ya zilivyokuwa. Miaka 90! Sisi tulipoambiwa hayo tuliona kama tumepigwa kofi, kwani mama yetu alikuwa hajafika hata 80, nasi tulikuwa tumekwisha kumkatia tamaa.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye vyuma na waalimu wa mazoezi, wala sisi huku hatuna. Basi na turudi huku kwetu, katika wilaya jirani ya Mbulu. Ukiteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi kuelekea machweo, wafika bonde la Yaeda Chini, nchi ya joto, miiba na mibuyu. Huko, na pande zote za ziwa Eyasi, wanakaa Wahadzabe, ambao wazee wetu walikuwa wakiwaita Watindiga, watu kiasi cha elfu moja na ushei, ambao wengi wao hawako katika dini yetu. Lakini jambo la kujifunza haliulizwi dini yake.

Sisi tulipata kufika Yaeda ujanani, tukifuatana na mjomba wetu aliyekuwa akinunua asali. Tulimkuta bibi mmoja, mvi tupu, amepiga magoti juu ya ardhi ngumu, achimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, na mawe makubwa ayaondoa kwa mikono yake. Tuliona huruma. Tukamwuliza mwenyeji wetu, wako wapi watoto wa bibi huyu hata wamwache hivi? Mwenyeji alitutazama kama mtu asiyefahamu swali. Baadaye tulimwona bibi yule kambini, amekaa chini kwa kunyoosha miguu, atwanga mbegu za ubuyu kwa jiwe, na watoto wadogo wamemzunguka wangoja kula.

Huruma yetu ilikuwa ujinga. Katika miaka ya 1980 wataalamu watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe wakiandika kila mtu afanya kazi gani na kwa saa ngapi. Wakakuta kwamba mabibi waliokwisha kuzaa walikuwa wakitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko binti zao, na kwamba mama anapojifungua mtoto mchanga, kunawiri kwa wale wakubwa waliotangulia hufuata kazi ya bibi yao. Yaani bibi katika jamaa hiyo si mzigo. Yeye ndiye nguzo, na yeye mwenyewe ajijua kuwa ni nguzo, jambo ambalo nalo ni dawa.

Tena mwaka 2017, David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao walichapisha vipimo walivyovichukua kwa kuwavalisha Wahadzabe mitambo midogo ya kuhesabu mapigo ya moyo. Waliona kwamba kwa wastani mtu alipata kila siku dakika 135 hivi za mwendo wa kuuzidisha moyo mapigo, nayo hayakupungua kwa watu wazima. Shirika la Afya la Dunia lawataka watu wazima, na wazee pia, wapate angalau dakika 150 kwa juma zima. Hebu linganisheni wenyewe. Wala wataalamu hao hawakuona kwa Wahadzabe, vijana kwa wazee, zile dalili zinazotangulia maradhi ya moyo.

Wala mtu asidhani kwamba Wahadzabe hawapumziki. Habari nyingine ya mwaka 2020 yaeleza kwamba mchana wao hupumzika karibu saa 10, sawasawa na watu wa mijini. Tofauti ni jinsi wapumzikavyo. Wao huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini, na katika kukaa huko misuli ya miguu yaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Mtu aliye juu ya kiti chenye mito, misuli yake imelala.

Hatuandiki haya ili tuwasifu Wahadzabe kupita kiasi. Watoto wao wengi hufa wadogo, ardhi yao imepunguzwa mwaka baada ya mwaka na wakulima na wafugaji, nasi tumo. Wala hatuwaambii wazee wa Katesh wakachimbe mizizi. Twasema kwamba ushahidi uliotafutwa na wataalamu wa mbali umo ndani ya wilaya jirani, siku moja ya safari kutoka mlangoni petu, nasi tulipouona kwa macho yetu tuliuonea huruma.

Sasa tufike kwenye kiti cha msikitini.

Faradhi za mchana na usiku ni rakaa 17. Katika kila rakaa mtu hurukuu mara moja, husujudu mara mbili. Ukihesabu kila mara mtu anapoinuka kutoka chini mpaka akasimama wima, ndani ya sala na baada ya salamu, utapata mara 17 kwa siku, kabla hujazitia sunna. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 6,000. Sala ni ibada, haikufaradhishwa ili iwe mchezo wa viungo, na anayesali kwa ajili ya magoti yake amepotea njia. Lakini Mola aliyeifaradhisha ndiye aliyeyaumba magoti. Mzee anayekalishwa kitini akiwa na miaka 68, hali awezaye kusujudu, amenyang'anywa kuinuka mara 6,000 kila mwaka, na sisi twasema tumemheshimu.

Huko Brazil waganga waliwapima watu 2,002 wenye umri wa kati ya miaka 51 na 80, wakiwataka wakae sakafuni kisha wainuke, bila ya kujishikiza ikiwezekana. Wakawafuatia kwa miaka kadhaa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2012. Wale waliohitaji kujishikiza kwa mikono na magoti ndio waliokufa zaidi katika miaka hiyo. Si kwamba kuinuka kwenyewe humzuia Malaika wa mauti. Ni alama tu, kama moshi ulivyo alama ya moto. Lakini ni nani aonaye moshi katika paa la babake akakaa kimya?

Ruhusa ya kisharia ipo, wala hatuifungi. Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala yake, naye akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza basi kwa kukaa, asipoweza basi kwa ubavu. Tazameni jinsi mlango ulivyowekwa: kutoweza kwatangulia, kisha ndiyo ruhusa. Na kutoweza hakupokewi kwa jumla. Mzee awezaye kusimama lakini sijda yamwumiza, na asimame katika kisimamo chake, akae panapomshinda. Wapo ambao kiti ni haki yao: aliyevunjika nyonga, aliyepooza upande mmoja, aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Wapo pia, katika nchi zetu hizi za Bonde la Ufa, waliokakamaa mgongo na viungo kwa sababu ya maji. Baadhi ya visima na chemchemi za huku zina madini ya floridi kupita kiasi, ndiyo yatiayo meno ya watoto rangi ya kahawia. Yakinywewa miaka mingi huingia mifupani. Mgonjwa wa namna hiyo asisukumwe wala asichekwe, na jamaa zake waulize maji yao yamepimwa lini. Magadi tunayotia katika maharage nayo huwa na madini hayo, ukiacha chumvi iliyomo.

Chumvi hiyo yatuleta kwenye presha, ambayo tutaipitia kwa ufupi kwa sababu tumekwisha kuiandika zamani. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, walipimwa watu 2,223 wenye miaka 70 na zaidi, wakulima wa vijijini kama sisi, na habari zao zikachapishwa mwaka 2013. Kadiri ya 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hapa hatulaumu kiti peke yake, kwani sababu ni nyingi. Lakini presha haina kelele. Mzee apelekwe akapimwe ajapokuwa hajalalamika, kwa sababu atakapolalamika huenda mkono mmoja umekwisha kufa ganzi. Akipewa vidonge avitumie siku zote, siyo siku za kuumwa kichwa tu. Na mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, amwendee tabibu wampangie saa za dawa, kati ya futari na daku. Tumewaona wazee waliotupa vidonge siku 30 kwa kudhani wanazidisha ibada, na Idi ikawakuta wamelala upande mmoja. Asiyeweza kufunga kwa uzee amekwisha kuwekewa fidia ya kumlisha maskini. Sahaba Anas bin Malik (r.a.) alipozeeka alilisha, wala hapana aliyempunguzia daraja.

Wapo wanaosema matibabu ni ghali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu kuwa mzee mtu wa miaka 60, na imeelekeza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Watoto wajue hayo, na wamfuatilie mzee wao utambulisho wake katika ofisi ya kijiji au ya mtaa mapema, wasingoje usiku wa kuugua.

Kuhusu chakula tutasema neno moja. Tuna desturi ya kumpa mzee uji na chai, kwa kuwa meno yamepungua, na maharage, maziwa na mayai tukawapa vijana tukisema wao ndio wafanyao kazi. Nyama ya miguu haijengwi kwa chai. Maharage yakipondwa hayataki meno.

Kijana wa Dongobesh sasa huenda anauliza: je, basi tumrudishe mzee shambani akalime ekari mbili? La. Mzee wa miaka 68 hana nguvu za mtu wa 30, na jua la mchana si rafiki yake. Mrudishieni ng'ombe, japo wawili, awapeleke majini asubuhi na kuwarudisha. Mwachieni kipande cha bustani karibu na nyumba, na jembe jepesi, na mtu asimpokonye anaposimama kupumua. Mtumeni. Neno hili litawashangaza baadhi ya wasomaji, maana twafundisha siku zote kwamba mdogo hamtumi mkubwa. Basi msimtume, mwombeni: "Baba, tunakuomba ututazamie zizi." Atafahamu. Akienda msikitini kwa miguu na mvua hainyeshi, pikipiki na imngoje kijana mwingine. Akikaa barazani, tandikeni mkeka kando ya kiti, achague mwenyewe.

Taabu yenu iwekeni mahali pengine. Wekeni taa njiani kwendea chooni, na upau imara ukutani wa kushika, kwa kuwa mzee aweza kuanguka usiku akavunjika. Wengi wao pia hawanywi maji jioni kwa kuogopa njia hiyo ya giza, kisha twashangaa wamekaukiwa. Mpelekeni akatazamwe macho, kwani mtoto wa jicho hutolewa, na mtu aonaye shimo haliingii. Viatu viwe vya kukaza, si kandambili. Fedha mliyochanga ya viti viwili yatosha kwa hayo yote, na itabaki.

Na katika Suratul Israa tulipoamrishwa kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu, tulikatazwa hata kuwaonyesha kwa mguno kwamba wametuchosha. Kwa miaka mingi tulidhani aya hiyo yawahusu watoto watukutu tu. Siku hizi twaona kwamba ipo namna ya kuguna isiyo na sauti, nayo ni kumwambia mtu kila saa, kwa uso wa tabasamu, "Kaa, hatukuhitaji."

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, kijana wetu amwulize baba yake akiwa peke yake, bila ya ndugu wote kukusanyika, maana mbele ya watoto wengi mzee hukubali kila kitu ili asiwaudhi. Amwulize apenda kufanya nini, na nini kinamwuma. Akisema magoti yamwuma, aende naye hospitali, hata ikiwa ni mwendo wa hadi Haydom. Kisha atuandikie jibu alilopewa, nasi tutalitia katika ukurasa huu bila ya kutaja jina.

Sisi nasi tumefika miaka 57. Mwaka jana wazazi wa wanafunzi wetu walituchangia kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, wakakileta madrasa siku ya Maulidi mbele ya watu, tukakipokea kwa shukrani. Kipo katika kona, nasi tumeweka misahafu na juzuu za watoto juu yake, zisiguswe na vumbi la sakafuni. Sisi twakaa mkekani pamoja na wanafunzi kama tulivyokaa miaka 30 iliyopita. Tunapoinuka magoti yetu hulia kama mlango wa zamani, na watoto wa mwisho, walio katika alifu na be, huangaliana wakacheka. Twawaacha wacheke, kisha twawaambia wafungue ukurasa.